Kidole Kisicho na Hina

Sakina hajui kupiga simu kwa adabu. Hakusalimu, hakuuliza hali, hakujali kwamba huku Dar es Salaam nilikuwa jikoni mikono imejaa unga. Alisema tu, "Dada, Zaituni anaolewa. Usipokuja, hina haipakwi," kisha akakata, vilevile kama mama yake alivyokuwa akikata. Nilisimama na simu iliyotapakaa unga nikacheka peke yangu, mtu mzima na mvi zangu, hadi mjukuu wangu akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekufa, nilimwambia, kuna anayeolewa. Lakini jina lile la Zaituni lilikuwa limeshanirudisha Brussels, kwenye mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, ambao nikiulizwa kazi yangu nilijifunzia wapi nautaja kabla ya kutaja chuo. Sitasimulia nilizaliwa wapi wala baba alifanya kazi gani. Kwetu ni Tanga, na hilo linatosha. Anayetaka ukoo wangu aje anywe chai.

Nilikuwa nimepanga chumba Ixelles, juu ya mgahawa wa Wakongo, kwa hiyo nguo zangu zote zilinuka samaki wa kukaanga na mitihani yangu yote niliisomea ndani ya magitaa ya rumba. Basi likipita barabarani kioo cha dirisha kilitetemeka, na mimi na kioo tukazoeana. Asubuhi nilikwenda maabara kutengeneza vifuko vya mafuta. Ndivyo nilivyowaandikia watu wa nyumbani, na mama akajibu kwamba kama ni kupika mafuta ningeweza kubaki Tanga. Unayeyusha mafuta ndani ya chupa ya mviringo, unaizungusha mpaka kimiminiko kiondoke na mafuta yabaki utando mwembamba juu ya kioo. Unatia maji, unatikisa, na mafuta, kwa kuwa hayapatani na maji, yanajikunja yenyewe yakawa vifuko. Halafu unavisukuma kwenye kichujio chenye matundu madogo mno, huku na huku mpaka bega lilie, ili viwe vidogo kiasi cha kupita popote damu inapopita. Ndani yake unafungia dawa ya saratani, nyekundu kama juisi ya rozela. Siku hizi kila mtu anasema nano, hata sabuni ina nano. Sisi tuliita vifuko tu, na Profesa wetu, Mbelgiji mrefu aliyekula mkate wake wa jibini akiwa amesimama, aliviita watoto wake. Dawa ile ikiachwa uchi mwilini inapiga kila kitu, nywele, tumbo, hata moyo. Ikifungwa kwenye kifuko inatembea imetulia hadi ifike kwenye uvimbe, kwa sababu mishipa ya damu ya uvimbe hujengwa harakaharaka na ina nyufa. Kifuko kinapenya hapo, kinanasa, kinafunguka. Hayo niliyajua kwa panya. Binadamu mwenye vifuko mwilini sikuwahi kumwona.

Siku moja nikiwa naosha vyombo nilimsikia Profesa akizungumza kwenye simu ya ukumbini, mdomo umejaa mkate. "Ninaye Mtanzania hapa," alikuwa akisema, "hiyo lugha anaizungumza, na vifuko anavijua. Nakuletea." Ukiambiwa unapelekwa kama kifurushi lazima utoke uulize, nami nikatoka. Kumbe hospitali moja ya Anderlecht ilikuwa ikijaribu dawa ya namna hiyo kwa wagonjwa, si yetu lakini ndugu yake, na kulikuwa na mama mmoja wa Bujumbura aliyekuwa na saratani ya titi ambaye hakubali wala hakatai. Binti yake ndiye aliyekuwa mkalimani, na kila akifika kwenye neno kansa analia, mama anambembeleza, muda wa daktari unakwisha. Basi nikavaa koti langu zuri nikaenda.

Daktari aliitwa Greta, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, mchapakazi, asiyetabasamu bure. Mgonjwa aliitwa Mama Zaituni, Zaituni likiwa jina lake mwenyewe. Alikuwa ameketi kitini, hakulala kitandani, amevaa kitenge na sweta la kijivu na mtandio, na mkoba mkubwa magotini. Sakina, binti yake, alikuwa wa umri wangu, macho yamevimba.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba!" Mama Zaituni akamgeukia binti yake, uso umemng'aa. "Sakina, unasikia? Kiswahili ya redio! Bon, njo ukae hapa, mutoto wangu. Huyu wangu analia tu. Weye uniambie, hii dawa yao ni nini?"

Nikaanza. Mungu anisamehe, nilianza na chembechembe zilizosanifiwa kulenga seli, na nilikuwa nimeyatafuta maneno hayo usiku kucha kwenye kamusi. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Umekula leo?" na kabla sijajibu akafungua mkoba, akatoa karatasi ya foili, na ndani yake sambusa, bado zina uvuguvugu. Niliishika moja, nikaitazama, na kazi yangu yote ya mwaka ikanijia mkononi.

"Mama, humu ndani kuna nini?"

"Nyama. Weye kwenu hakuna sambusa?"

"Zipo. Na nje?"

"Unga. Alors?"

"Nyama ndiyo dawa. Ni kali, ikipita mwilini peke yake inachoma njia nzima. Kwa hiyo tumeifunga. Ila badala ya unga tumetumia mafuta, na sambusa yenyewe ni ndogo, haionekani kwa jicho. Inapita kwenye damu imefungwa, haimgusi mtu, mpaka ifike kwenye uvimbe. Huko ndiko inakofunguka."

Akatafuna maneno yangu polepole. Sakina alikuwa ameacha kulia, ananitazama. Nikafikiri, alhamdulillahi, nimefaulu.

"Mafuta ya nini?" akauliza Mama Zaituni.

Dokta Greta akauliza mgonjwa amesema nini, nikamwambia anataka kujua mafuta ni ya mnyama gani. Daktari akavua miwani, akaivaa tena. Hakujua. Mimi niliyekuwa nikiyazungusha mafuta hayo kila siku sikujua, Profesa alipoulizwa hakujua, na ikabidi daktari awapigie simu watengenezaji wenyewe. Jibu lilipokuja nilikwenda nalo Anderlecht mbiombio kama mtu aliyepata matokeo ya mtihani: mengine ni ya soya, na mengine yametolewa kwenye sufu ya kondoo.

"Kondoo si neno," akasema Mama Zaituni. "Donc, ni halali. Lakini sikia, mutoto wangu, umwambie dokta vizuri. Mimi sitaki miaka mia. Sakina anaolewa baada ya Idd. Niko na huyu mumoja tu. Nataka siku ile nisimame kwa miguu yangu mwenyewe, nicheze harusi yake. Hii sambusa yenu itaweza?"

Nikatafsiri. Dokta Greta alikaa kwenye ukingo wa kitanda ili macho yao yalingane, akasema hawezi kuahidi, anaweza kujaribu tu. "Haya," akasema Mama Zaituni, "angalau huyu hasemi uongo. Kalamu iko wapi?"

Ndivyo nilivyoingia nyumba ile ya Molenbeek, karibu na mfereji, ghorofa ya juu isiyo na lifti. Rasmi nilikuwa mkalimani. Kwa kweli nilikuwa mtu wa kulishwa. Kila mwezi Mama Zaituni alitundikiwa chupa yake nyekundu, nikikaa pembeni, na kila Jumapili niliitwa kula. Sebule ilikuwa na makochi makubwa kuliko mlango, sijui yaliingiaje, na televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Lakini maisha yalikuwa jikoni. Dokta alikuwa ameonya tangu mwanzo: kwa kuwa vifuko hivi hukaa sana kwenye damu, vingine huvuja kwenye viganja na nyayo, ngozi ikawa nyekundu, ikaunguza, ikapasuka; mgonjwa asishike maji ya moto, asisimame juu ya mafuta yanayochemka. Kwa hiyo mama alikunja na Sakina alikaanga, na mama akiwa ameketi aliamrisha jiko zima kwa kidevu. "Punguza moto! Weye unapika ama unaunguza Molenbeek?" Nami nilifundishwa kukunja. Sambusa zangu zilikuwa na masikio, na mama alizitenga sahani yake, akimwonyesha kila mgeni: "Tazama, huyu anasomea udaktari wa kufunga dawa. Mungu atulinde." Nilicheka mwaka ule kuliko miaka yote ya ujana wangu. Nilikuwa nimefika Ulaya nikidhani elimu ni kimya, na watu wale wakanitoa ushamba.

Na dawa ilikuwa ikifanya kazi. Hilo nalo acha niliseme waziwazi, maana niliona kwa macho. Uvimbe ulikuwa unanywea. Nywele zake zilibaki kichwani, akawa anavua mtandio mbele ya sisi wanawake ili tuzihakikishe. Ngazi za ghorofa, ambazo mwanzoni alizipanda kwa kupumzika kila pembe, akaanza kuzipanda akiongea. Dokta Greta, asiyetabasamu bure, alianza kula sambusa. Manesi walianza kuulizana siku ya Mama Zaituni ni lini.

Ikaja Idd. Siku chache baadaye ilikuwa zamu ya chupa, ya mwisho kabla ya harusi. Mama Zaituni aliingia chumbani na viganja vyekundu vilivyoelekea weusi, kuanzia ncha za vidole hadi kifundo, na nyayo vilevile. Hina, bila shaka. Usidhani Dokta Greta hakuijua. Nusu ya wagonjwa wake walikuwa akina mama wa Kimoroko, hina aliijua kuliko mimi. Ndiyo maana uso wake ulikunjamana. "Hina naiona," akasema. "Ninachotaka kujua ni kilicho chini yake. Muulize kama inaunguza."

Nikauliza kwa Kiswahili changu cha redio: "Mama, mikono inawaka?"

Mama Zaituni akainyanyua yote miwili, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, meno yote nje. "Eh! Inawaka sana! Tangu siku ya Idd inawaka. Na miguu pia, umwonyeshe!"

Nikatafsiri. Inaunguza sana, tangu Idd, na miguu pia. Dokta Greta akamwashiria nesi, na chupa nyekundu ikaondolewa kabla haijaunganishwa. Hakuna dawa leo, akasema, na pengine hakuna tena. Ngozi ikifikia hapo ni hatari. Nilipomfikishia mama maneno hayo, tabasamu lilikauka usoni. "Kwa sababu gani?" akauliza. "Nimefanya nini?" Nikamwambia ni mikono. Akaificha chini ya kitenge. Tulirudi kwa metro, na Sakina alikuwa akinitazama kama mtu anayetafuta wa kumlaumu na amekaribia kumpata.

Nilikaa na jambo hilo rohoni siku nzima, siku ya pili nikashindwa, nikaenda Molenbeek kumpa pole. Mlango wa juu ulikuwa wazi. Nikiwa bado kwenye ngazi, nahema, nilisikia sauti ya mama jikoni, yuko kwenye simu na shoga yake wa Liège. "Wamenikatalia dawa, ma chère. Wanasema ni mikono. Mikono yenyewe, weye ungeiona! Hii hina ya safari hii inawaka! Inawaka kama taa! Sijapata rangi hii tangu kule nyumbani Buyenzi. Hata huyu Mutanzania aliisifu mbele ya dokta, akaniuliza, mama, mikono inawaka? Nikamwambia, eh, inawaka sana!"

Nilikaa pale pale kwenye ngazi. Lo! Mimi nilikuwa nimeuliza habari ya moto, yeye akanijibu habari ya urembo. Nikaanza kucheka, kisha nikawa nalia, kisha vyote viwili, na Sakina akatoka na mwiko mkononi kuona ni nani anayefanya kelele. Nilipomweleza, na yeye akaketi. Tukamwita mama. Akasikiliza, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Donc, munaninyima sambusa kwa sababu nimependeza?" Na hapo tulicheka wote watatu hadi jirani wa chini akagonga dari lake kwa ufagio.

"Na sasa nakuuliza vizuri," nikamwambia tulipotulia. "Inauma? Inachoma?"

"Hapana, mutoto wangu. Hakuna kitu. Wallahi."

Kesho yake tulikuwa Anderlecht wote. Dokta Greta alinisikiliza hadi mwisho, mkono mdomoni, na nilifikiri ana hasira. Kumbe alikuwa anazuia kicheko. Lakini kicheko hakikubadili hoja yake. Neno lilieleweka vibaya, sawa, ila ngozi bado haionekani. Akabonyeza viganja, akabonyeza nyayo, akamtembeza ukumbini bila viatu. Mwisho akampa mkono wake akasema amkamue kwa nguvu zote. Mama Zaituni aliyekunja sambusa maisha yake yote alimkamua mpaka daktari akapiga ukelele. Manesi wakaja mbio. "Bon," akasema Dokta Greta akijipuliza vidole, "chupa ataipata. Lakini harusini asipake tena."

Nilisita kabla ya kutafsiri hilo, nanyi mngesita.

"Mama wa bibi harusi bila hina?" Mama Zaituni akasimama. "Umwambie anirudishie kalamu yangu, nifute jina. Watu watasema mutoto anaolewa na mama yake yuko matangani!"

Nikapeleka, nikarudisha. Daktari akasema mikono. Mama akasema mikono yake. Daktari akasema kiganja kimoja. Mama akasema, umeona wapi? Ikawa soko kabisa, na mimi katikati natoka jasho kwa lugha mbili. Mwishowe Dokta Greta akainua kidole chake kidogo cha kushoto. "Hiki," akasema. "Aniachie hiki kimoja tu, kitupu, nikione. Ngozi ikiharibika kitaniambia."

Mama Zaituni alikitazama kidole kile cha Kizungu, chembamba, kimesimama hewani. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Ataona nini?" Kisha akacheka. "Haya. Nampa. Kitakuwa kidole cha dokta."

Harusi ilifanyika kwenye ukumbi wa juu ya duka la mazulia, hapo hapo Molenbeek. Kulikuwa na pilau, na sahani ya sambusa zangu zenye masikio iliwekwa meza kuu kwa kusudi la kunitia aibu. Dokta Greta alikuja, amevaa gauni la kijani, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukishika kile kidole kitupu katikati ya vidole vyekundu, akakibonyeza, akakitazama kwa miwani. Kisha akajaribu neno nililomfundisha: "Inawaka?"

"Inawaka!" akajibu Mama Zaituni, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele bila kujua sababu. Na akacheza. Alisimama kwa miguu yake mwenyewe, akacheza harusi ya mwanawe, akamvuta daktari, akanivuta mimi, na nilipochoka mimi yeye alikuwa bado.

Aliishi miaka ambayo Dokta Greta hakuthubutu kuiahidi. Alimwona mjukuu akizaliwa, akampa jina lake, akamfundisha kukunja sambusa zisizo na masikio. Halafu ugonjwa ulirudi, na safari hiyo dawa haikumweza. Nilikuwa nimesharejea nyumbani, nikalia jikoni Dar. Namlilia hadi leo, na kila mwanafunzi wangu wa famasia namfundisha vifuko kwa sambusa, na namwambia aulize mafuta ya nini.

Basi mwezi uliopita nilipanda zile ngazi tena, nikipumzika kila pembe. Sebule ileile, makochi yaleyale. Zaituni mdogo, bibi harusi, alikuwa ameketi katikati ya wanawake, viganja vimeiva. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kitupu. Nikatazama mikono ya wenzake: vidole hivyo vyote vitupu, kwa mwali na kwa shangazi, hata kwa watoto.

"Hiki mmekisahau?" nikauliza.

"Ah, non, tantine," akasema Zaituni, akinionea huruma kwa kutojua. "Hiyo ni mila yetu, ya zamani sana, ya kule Buyenzi. Kinaachwa. Halafu mukubwa anakibonyeza, anakuuliza, weye unajibu, ndiyo harusi inaanza."

Nikamtazama Sakina. Alikuwa mlangoni na mwiko wake, ameuma midomo, machozi yanamtoka kwa kicheko, anatikisa kichwa kwamba nisiseme. Sikusema. Nilinyoosha mkono wangu, wakanipaka, wakakiruka kidole. Na hina ilipokauka wakanisukuma mbele, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale. Nilikishika kidole kitupu cha mtoto yule mwenye jina la bibi yake, nikakibonyeza.

"Mama," nikamuuliza, "inawaka?"

"Inawaka sana!"

Safari hii niliielewa.